Kutega na Kutegua: Michezo ya Akili katika Songea

Mtu apitaye jioni katika mji wa Songea, karibu na soko au chini ya miembe ya vitongojini, aghalabu hukuta watu wameinamia kitu kwa makini. Hapa ni bao la mashimo. Pale ni drafti iliyochorwa juu ya kipande cha ubao, na vizibo vya chupa ndivyo kete zake, vya mmoja vimegeuzwa juu na vya mwenziwe vimefunikwa. Nyumbani watoto hutegana vitendawili, na mwenye gazeti hujaribu mraba wa maneno. Siku hizi michezo hii yote hukusanywa chini ya jina moja la "chemsha bongo". Jina hilo lapendeza masikioni, lakini kwa mchunguzi wa lugha lina hasara, kwa kuwa huficha tofauti ambayo Kiswahili chenyewe kimeihifadhi katika vitenzi vyake.

Kitendawili hutegwa, kisha huteguliwa. Fumbo hufumbwa, kisha hufumbuliwa. Katika jozi zote mbili imo ile -u- ya kutendua ijulikanayo katika funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Kutega ni neno la mwindaji. Kufumba ni neno la jicho na kinywa. Kwa hiyo mtegaji wa kitendawili ameweka mtego mahali ambapo mwenziwe atapita, na mwenye fumbo amefunika kitu kilichokuwa wazi. Lakini bongo huchemshwa tu. Hakuna kitenzi cha pili cha kuonyesha kwamba kilichofungwa kimefunguliwa. Ama neno kitendawili lenyewe, wapo waligawanyao kuwa "tenda" na "wili", yaani kitu kitendacho mawili. Maelezo hayo ni mazuri mno hata yanatia shaka, wala hoja ya makala haya haiyategemei.

Bao halitegwi wala halifumbwi. Hakuna kilichofichwa ndani yake: mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, aghalabu mbegu za komwe, zote mbele ya macho ya wachezaji na ya watazamaji, ila zile zilizo mkononi, ambazo idadi yake hujulikana. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Kwanza hunamua, akiingiza kete moja moja. Kete za mkononi zikiisha, huanza mtaji. Mwenye nafasi ya kula hana budi ale; asiye na nafasi hutakasa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mkono huweza kuendelea kuzunguka, hata mchezaji aliyeanza kwa kete tatu akajikuta amebadili sura ya ubao mzima. Hapo ndipo penye ugumu: si kujua kitu kilichositirika, bali kuuona mwisho wa mzunguko kabla mkono haujaondoka. Aliyebaki bila kete katika safu yake ya mbele amefungwa, na neno la kumfunga ni fupi: hamna.

Mchezo huu haukufika bara kwa njia moja. Katika karne ya 19 misafara ya biashara baina ya Kilwa na Ziwa Nyasa ilipita katika nchi hizi za Ruvuma, na ng'ambo ya ziwa, huko Malawi, mchezo huitwa bawo na kanuni zake ni karibu zile zile. Istilahi za bao, hata zichezwapo na watu ambao nyumbani husema Chingoni, Kimatengo au Kiyao, ni sehemu ya Kiswahili cha zamani ambayo haikupitia shuleni.

Husemwa mara nyingi kwamba michezo ya namna hii huinoa akili kwa kazi nyingine zote. Dai hilo si la Songea tu. Huuzwa dunia nzima. Mwaka 2010 jarida la Nature lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa watu 11,430 waliofanya mazoezi ya akili kwa wiki sita: walizidi ustadi katika mazoezi yale yale waliyoyafanya, lakini ustadi huo haukuonekana kuhamia katika majaribio mengine. Mchezaji wa bao, basi, hujifunza bao. Hilo si jambo dogo, na hakuna haja ya kulipamba.

Kuna fumbo la namna ya tatu, lile la mtu na chui na mbuzi na majani. Ana mtumbwi uwezao kumchukua yeye na kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ameliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yameliwa. Hujulikana pwani na bara, na Ulaya husimuliwa tangu zama za kati juu ya mbwa-mwitu, mbuzi na kabichi. Kwa watu wa mkoa uliopewa jina la mto Ruvuma, unaotenga nchi na Msumbiji, mtumbwi hauhitaji maelezo. Jibu lake laweza kuthibitishwa: kuvuka mara saba, na mbuzi hurudishwa mara moja. Asiyepata kulisikia maishani mwake aweza kuketi peke yake akalipata, na akilipata hahitaji kuambiwa na mtu kwamba amelipata.

Kitendawili sivyo kilivyo. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenziwe hujibu, "Tega!" Akisha kutega, hujaribu mmoja mmoja, wakishindwa, hudai, "Nipe mji." Hupewa mji, akiukubali, husimulia kidogo juu ya safari yake huko, kisha hutaja jibu. Mtoto wa Songea ana Mbinga na Tunduru na Peramiho ya kutoa, au Dar es Salaam akitaka kumpendeza mtegaji. Desturi hiyo ya mji yaonyesha kwamba jibu ni mali ya mtegaji, na mali haitolewi bure. Asiyejua hawezi kuthibitisha. Hana budi kununua.

Je, hii ina maana kwamba kitendawili ni kumbukumbu tu, wala hakuna akili ndani yake? Wengi wameona hivyo. Lakini wakitazama maneno yenyewe wataona kwamba mtego umewekwa kwa ustadi, na kwamba kamba yake ni sarufi.

Kila jina la Kiswahili huwa na ngeli, na ngeli hujifichua katika kitenzi. Lau mtegaji angesema, "Kila niendapo kinanifuata," msikilizaji angalijua mara moja kwamba anatafuta kitu cha ki-, na kivuli kingalikuwa karibu nusu mkononi mwake. Kwa hiyo mtegaji husema, "Kila niendapo ananifuata." Kile a- kimemgeuza kivuli kuwa mtu, na msikilizaji huanza kumtafuta mtoto, mbwa, au adui. Vivyo hivyo, "Askari wangu wote wamevaa kofia upande" ni mahindi, ambayo yangedai ya-. "Kuku wangu ametagia mibani" ni nanasi, ambalo lingedai li-. Katika "Nyumba yangu haina mlango" hakuna mtu wala mnyama, lakini kazi ni ile ile: nyumba imelazimisha upatanisho wake, na yai limefichwa nyuma yake. Kwa ufupi, mtegaji huazima jina la ngeli nyingine, na jina likishaazimwa sentensi yote hulitii.

Hata ki- yenyewe huweza kuwa kificho, kwa kuwa kitu chochote kisichotajwa ni "kitu". Lakini hicho ni kificho hafifu. Mtegaji hodari hupenda a-, maana ngeli ya viumbe ndiyo iliyo mbali zaidi na mawe, mboga na vyombo.

Kinyume chake huonekana katika mraba wa maneno wa magazeti. Mtungaji wake hutoa maelezo ya wazi, na upatanisho humsaliti: akiandika "Hufunikia chungu" amesalimika, lakini akiandika "Kinachofunika chungu" amekwisha kumpa msomaji herufi mbili za kwanza za kifuniko. Tena, maneno ya asili ya Kiswahili yote humalizikia kwa irabu, kwa hiyo mwisho wa kila mstari ni mmoja kati ya herufi tano. Mchezo huu ulianzishwa katika gazeti la New York World mwezi Desemba 1913 kwa lugha ya Kiingereza, isiyo na mambo haya. Mtungaji wa Kiswahili aufuataye mfano wa Kiingereza bila kufikiri hutoa fumbo jepesi kuliko anavyodhani.

Hapana budi sasa kuuliza kitendawili hufikaje Songea. Wangoni walikuja kutoka kusini, wahenga wao wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835, wakakaa katika nchi hizi katikati ya karne ile. Lakini Chingoni cha leo si lugha ile ya kusini, bali ni jirani wa karibu wa lugha zilizowazunguka. Kiswahili kilikuja kwa misafara, kisha kwa boma la Wajerumani, kwa misheni ya Peramiho iliyoanzishwa mwaka 1898, na zaidi kwa shule. Vitendawili vya vitabuni ni vya Kiswahili, na baadhi yake vimebeba pwani ndani yake. "Amezaliwa Ali, amekufa Ali, amerudi Ali" ni nywele. Palipo Wakatoliki wengi jina la Ali halina ukaribu ule ule. Vitendawili vya nazi na jahazi hudai macho yaliyoona minazi na bahari, na nyanda za Songea si nchi ya minazi. Kwa upande wa pili, askari wa kofia upande hamsumbui mtoto wa mkoa ulio miongoni mwa mikoa mikubwa ya mahindi katika Tanzania. Amewaona wamesimama shambani tangu alipoanza kutembea.

Hata lugha ya baadhi ya vitendawili si ya shuleni. "Popo mbili zavuka mto," yaani macho, ina mbili na zavuka mahali ambapo mwalimu angetaka wawili na wanavuka. Huo ni upatanisho wa pwani ya zamani, na mtoto huukariri bila kuujua.

Lakini ule mtego wa ngeli haumpotei mtoto huyo. Chingoni, kama jina lake lenyewe lionyeshavyo, kina chi- mahali pa ki-, na majina yake hutawala vitenzi kama yafanyavyo ya Kiswahili. Mtoto aliyekua akisema Chingoni hajui nazi, lakini ajua vizuri sana maana ya kitu kuitwa kama mtu. Sehemu ya kitendawili iliyo ngumu kwake ni ya dunia. Sehemu ya sarufi amekuja nayo kutoka nyumbani.

Hapa ndipo shule inapopoteza. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi vitendawili vimekuwa vikiulizwa pamoja na methali na nahau, na jibu ni moja, limeandikwa tayari. Mwalimu anayewatayarisha watoto hana njia iliyo fupi zaidi ya kuwakaririsha orodha. Chukua "Haonekani wala hakamatiki." Jibu lililozoeleka ni hewa, na wengine husema upepo. Mtoto akisema usingizi, amekosa. Lakini usingizi hauonekani, wala haukamatiki. Hata wenye kuutafuta usiku kucha hawaukamati. Sauti nayo hupita katika masharti yote mawili. Moshi haupiti, kwa kuwa waonekana, na mtoto aliyejibu moshi amekosa kwa sababu iliyo wazi. Mtihani huwapa wote watatu alama ile ile ya kosa, aliyefikiri na asiyefikiri.

Jioni, penye moto, haikuwa hivyo. Aliyejibu usingizi angesikilizwa, pengine angechekwa, na mtegaji angelazimika kusema kwa nini silo. Kama hana sababu, wasikilizaji wangemzomea yeye. Jibu lilikuwa mali yake, naam, lakini ilimpasa kulitetea mbele ya watu kabla ya kudai mji. Darasani hakuna anayedai mji. Swali ambalo mwalimu wa Songea angeweza kuliongeza, bila kitabu kipya wala gharama, ni moja: "Mtegaji amesema haonekani, mbona hakusema haionekani?" Mtoto ajibuye kwamba hewa ingefichuka mara moja ameutegua mtego wenyewe, hata kama alikuwa amejibu usingizi.