Gaidi anatafuta nini, na dola humpa nini?

 

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunawaandikia kutoka Kibuta, kata iliyomo wilayani Kisarawe, mkoani Pwani. Baada ya swala wazee wa hapa hawana haraka ya kuondoka. Hutandika mkeka kivulini, nje ya msikiti, na kuulizana hali. Tuliketi nao. Mazungumzo yalianzia kwenye bei ya mkaa na korosho, yakafika, kama yanavyofika mara nyingi katika vijiji vya mkoa huu, kwenye miaka ya 2015 hadi 2017. Mzee mmoja akatugeukia: “Nyinyi wanangu mnaandika magazetini. Hebu nielezeni, wale watu walikuwa wanataka nini?”

Mauaji tunayoyaita ya Kibiti yalitokea zaidi katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Lakini Kisarawe ni jirani wa karibu; mashariki yake ni Mkuranga, na kusini ni ardhi ya Rufiji. Usiku wa tarehe 12 Julai 2015 kilivamiwa kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, upande ule ule ambao mtu wa Kisarawe hupita akienda mjini. Watu saba waliuawa, wanne wao wakiwa askari, na bunduki zikaporwa. Agosti 2016 askari wanne waliuawa Mbande, nje kidogo ya Mbagala. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane wakauawa kwa mara moja huko Mkengeni, Kibiti. Katikati ya matukio hayo wakawa wanauawa, mmoja mmoja, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala wa ngazi ya chini. Kufikia katikati ya mwaka 2017 waliouawa walikuwa zaidi ya 30.

Jibu la swali la mzee tulitafute kwa kutazama waliochaguliwa kuuawa. Mwenyekiti wa kitongoji si tajiri, na hana silaha wala mlinzi. Ila ndiye anayemjua mgeni aliyeingia jana, ndiye anayeandika barua ya utambulisho, ndiye anayegongewa mlango usiku panapotokea ugomvi wa shamba. Akiuawa huyo, anayeogopeshwa ni yule wa kitongoji cha pili, na raia ambaye kesho angekwenda kumnong’oneza kwamba porini kuna vijana asiowafahamu. Habari za wakati ule zilieleza viongozi waliohama nyumba zao, na wengine waliokuwa hawalali majumbani mwao. Kijiji kikishafika hapo kimekwisha kuwa kipofu, na mtu mwenye bunduki hupita humo atakavyo.

Naam, hilo ndilo lengo la kwanza. Lipo la pili, ambalo husemwa kwa nadra. Gaidi ni mtu dhaifu. Hana jeshi la kuiangusha serikali, na watu hawamfuati kwa wingi. Kwa hiyo hutafuta kazi yake ifanywe na mwenye nguvu. Huichokoza dola ili inyooshe mkono wake mzito juu ya watu wasiohusika, kisha huwaendea watu hao na kuwaambia: mmeona? Jambo hili halikuzuliwa na Waislamu, na tunalisema kwa sababu wako wanaodhani ugaidi umezaliwa misikitini. Mwaka 1969 Mbrazili mmoja, Carlos Marighella, mtu asiyekuwa na dini hii wala ile, aliandika kijitabu cha kuwafunza wapiganaji wa mijini. Humo alieleza bila kificho kwamba serikali ikishambuliwa itasaka nyumba na kukamata wasio na hatia, maisha yatakuwa mazito, na lawama itaiangukia serikali. Yaani msako wenyewe aliuhesabu kuwa ni sehemu ya mpango.

Hatusemi kwamba dola ikae na kutazama. Askari waliouawa Mkengeni walikuwa watoto wa watu, wengine baba za watu, na Qur’ani tukufu katika Suratul Maida imeifananisha nafsi moja iliyouawa bila haki na watu wote. Serikali isiyowalinda raia wake imekhini amana. Mauaji yalipozidi, Mei 2017 iliundwa kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji, pikipiki zikazuiwa kutembea kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi alfajiri, na misako ikaendeshwa vijijini. Agosti mwaka huo polisi walitangaza kuwaua watuhumiwa 13 huko Tangibovu. Baada ya hapo mauaji yalipungua. Hilo ni kweli, na asiyelisema hatendi haki.

Ila kuna hesabu nyingine isiyoandikwa kwenye taarifa. Pikipiki ikizuiwa usiku, mama mwenye uchungu wa kuzaa hufikaje zahanati? Aidha, zilikuwapo familia zilizolalamika kwamba jamaa zao walichukuliwa na hawakurudi, na hazikujua waulize wapi. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Umma haukupewa maelezo yaliyothibitishwa ya yaliyompata. Mwandishi akitoweka, watu hawaachi kuzungumza. Huzungumza gizani, na gizani uongo na ukweli huvaa kanzu moja.

Polisi wenyewe walieleza baadaye kwamba baadhi ya waliokimbia walivuka kuingia Msumbiji. Huko Mocimboa da Praia, mkoani Cabo Delgado, moto uliwaka tarehe 5 Oktoba 2017, na Oktoba 2020 ukavuka mpaka hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara.

Wako watakaosema haya ni hisia. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti uliofanywa Afrika kwa kuwahoji watu waliowahi kuwamo katika vikundi hivi. Miongoni mwa 495 waliojiunga kwa hiari yao, 71 katika kila 100 walisema kilichowasukuma mara ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Hao walikuwa wameshasikia mahubiri ya vikundi na walikuwa na shida zao za kimaisha, lakini mlango waliusukuma siku ile. Nigeria nayo ni somo. Kiongozi wa Boko Haram, Mohammed Yusuf, alikamatwa akiwa hai Julai 2009, akauawa mikononi mwa polisi. Waliodhani wamekimaliza kikundi walikiona kikirudi chenye umwagaji damu usiolinganishwa na wa awali.

Kwa jirani zetu Kenya tumeyaona yote mawili, kosa na dawa. Aprili 2014, baada ya mashambulizi kadhaa, ulifanyika msako wa Usalama Watch. Watu wapatao 4,000, wengi wao Wasomali, walikamatwa, na wengine wakafungiwa katika uwanja wa Kasarani. Mtaa mzima wa Eastleigh ukafanywa mtuhumiwa. Novemba mwaka ule ule al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga wasio Waislamu na kuwaua 28. Walitaka Mkristo amwone Muislamu kuwa adui. Tarehe 21 Desemba 2015 wakasimamisha basi jingine, karibu na El Wak, wakitaka abiria watengane vilevile. Safari hii Waislamu walikataa. Akina mama waliwavisha Wakristo mitandio yao, na abiria wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku ile, na mwalimu Salah Farah, Muislamu aliyepigwa risasi kwa kukataa kutengwa, alifariki Januari 2016. Allah amrehemu. Wauaji waliondoka bila ya kile walichokijia.

Tuliwasimulia wazee wa Kibuta haya, kisha tukarejea kwenye historia yetu wenyewe, kwani dola ya Kiislamu nayo iliwahi kujaribiwa. Makhawarij walipojitenga na Sayyidna Ali bin Abi Talib (RA) na kuwakufurisha Waislamu wenzao, hakuwavamia kwa ajili ya maneno yao. Alitangaza kwamba hawatazuiwa misikiti, hawatanyimwa fungu lao la mali, na hawatapigwa vita mpaka waanze wao. Akamtuma Ibn Abbas kujadiliana nao, na maelfu wakarudi. Walipomuua Abdullah bin Khabbab na mkewe mjamzito, alidai wauaji watolewe. Wakajibu kwamba wote ndio wauaji. Hata hapo, kabla ya mapigano ya Nahrawan mwaka 38 Hijria, iliinuliwa bendera ya amani, na kila aliyejitoa hakuguswa.

Miaka miwili baadaye mmoja wao, Ibn Muljam, alimpiga upanga Sayyidna Ali alfajiri msikitini Kufa. Akiwa kitandani, naye ndiye Khalifa mwenye majeshi, aliusia mambo machache: mfungwa alishwe, akipona, ataamua mwenyewe, akifa, auawe muuaji peke yake, kwa pigo moja, asikatwekatwe viungo, na watu wa nyumba yake wasiitumie damu yake kumwaga damu za Waislamu.

Yule mzee alinyamaza kitambo. Kisha akatuambia kwamba mwaka 2017 alikuwa na mjukuu wa miaka 19, mwenye ndevu za kwanza, asiyekosa swala ya alfajiri. Akamtoa kijijini, akampeleka kwa shangazi yake mjini, akakaa huko miezi minane.

Tukamuuliza kama alikuwa anawaogopa wauaji.

“Wauaji nao,” akasema.