Mgebuka, Mawese na Sahani ya Jirani

Mtu wa Mwanga hana haja ya kutazama juu ili ajue mwezi umefikia wapi. Fungu la dagaa sokoni linamtosha. Fungu likijaa na bei ikalegea, ziwani kuna giza. Likinywea na muuzaji akaanza kujibu kwa mkato, mbalamwezi imetoka na wavuvi wamelala nyumbani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: mchana hukaa kwenye kina, usiku hupanda juu kufuata chakula, na taa ya mvuvi huwakusanya mahali pamoja. Mwezi ukiwa mpevu nuru hutapakaa ziwa zima, na taa ya chomboni inakosa nguvu ya kuita. Mgebuka naye, ambaye mlo wake ni dagaa, huwafuata na kuvuliwa pamoja nao. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Mwanga hakuna anayeuliza leo tunapika nini mpaka ijulikane ziwa limetoa nini.

Mwanga ndicho kitovu cha biashara cha Manispaa ya Kigoma Ujiji, katika barabara inayopanda kutoka stesheni na bandari kuelekea Ujiji. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara ya pwani, reli ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914, na maboti hayajaacha kuvuka kutoka Kongo na Burundi. Kila njia iliacha watu wake. Humu wamo Waha walioshuka kutoka milimani, Wamanyema na Wabembe ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa, watoto wa wafanyakazi wa reli waliotoka kila mkoa, na wafanyabiashara wa Pwani. Makabila hayo hayakuyeyuka, ila yamekubaliana jikoni. Mtu anaweza kuishi Mwanga miaka mingi akabaki na lafudhi ya kwao, lakini ulaji wake utakuwa umekwisha kuwa wa hapa.

Kinachombadilisha kwanza ni mawese. Mgeni aliyezoea nazi au alizeti hukunja uso siku ya kwanza kwa ile rangi na harufu. Akikaa kidogo, anaanza kuulizia maharage ya mawese, na akienda likizo kwao anafunga dumu. Mikungu ya michikichi hukatwa, punje zikapukutwa, zikachemshwa pipani, zikapondwa na kukamuliwa, kisha mafuta yakachemshwa tena mpaka maji yaishe. Wekundu wake unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Hakuna kinachotupwa: kokwa huvunjwa na kukamuliwa mafuta ya mise, na sabuni hutengenezwa humo humo. Asubuhi yenye baridi chupa za mawese huwa zimeganda nusu, chini uji mzito, juu mafuta mekundu. Mnunuzi mzoefu hatazami rangi. Anafungua kizibo, ananusa, na yakiwa yamechacha anafunga bila neno na kuhamia meza ya pili.

Adhuhuri ni zamu ya mama lishe. Mteja hasomi orodha ya vyakula. Anainama kidogo kwenye sufuria na kuuliza.

"Shikamoo mama. Leo mgebuka upo?"

"Marahaba baba. Wa mawese upo, na wa kukaanga upo. Ugali wa muhogo au wa sembe?"

Swali hilo la mwisho ni mtihani. Ugali wa muhogo, unaotokana na muhogo uliolowekwa, ukaanikwa na kusagwa, huvutika na kunata, na mgeni huutafuna mpaka taya zikachoka. Wenyeji hawautafuni sana: tonge huviringishwa, hubonyezwa kwa kidole gumba, huchota mchuzi, halafu hushuka. Mgebuka wa mawese nao una utaratibu wake. Samaki hukaangwa kwanza au kubanikwa ili asivunjike. Mawese hupashwa moto, kitunguu na nyanya huivia humo, maji na chumvi hufuata, samaki akarudi kulala kwenye mchuzi. Ndimu na pilipili huja mwishoni, kando, kila mtu kwa ujasiri wake. Pembeni patakuwa na sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa na kuchemshwa mpaka ikalainika. Kuhe, yule samaki mkubwa mwenye nyama nyeupe, ana heshima yake. Huyo hutafutwa anapokuja mkwe.

Dagaa nao wana madaraja. Wapo waliokaushwa juu ya mchanga, na wapo waliokaushwa juu ya vichanja. Mama anayejua kununua huchukua wachache kiganjani, akawasugua na kutazama kinachobaki. Punje za mchanga zikibaki, bei inashuka au mazungumzo yanaisha. Wakati wa masika kazi inakuwa ngumu, maana jua halitoshi na dagaa asiyekauka vizuri huharibika upesi. Wale safi ndio wanaofungwa kwenye vifurushi vya safari. Ndugu wa Dar es Salaam akisikia mtu anatoka Kigoma, hamuulizi habari za njiani kabla hajauliza habari za dagaa na mawese.

Jua likipungua makali, wanaume hukusanyika kwenye kahawa. Milima ya mkoa huu, maeneo ya Kalinzi na Matyazo, inalima kahawa aina ya arabika, lakini kinachowakalisha watu kwenye benchi ni birika lililo juu ya makaa, vikombe vidogo vinavyooshwa kwenye ndoo, na kashata za karanga zilizokatwa pembe. Kahawa hunywewa chungu, na utamu unatoka kwenye kashata. Atakayeomba sukari atapewa tabasamu tu. Kando kuna bao au drafti, na juu ya yote kuna Simba na Yanga. Hoja zikipungua, hurudishwa ile fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ya Julai 2021, iliyochezwa hapa hapa kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, Simba ikashinda 1–0 kwa kichwa cha Taddeo Lwanga. Kwenye benchi hilo kijana humpisha mzee, na anayefika akiwa na hela ya vikombe viwili hulipia cha jirani yake bila kutangaza. Pombe ya ndizi ina watu wake na sehemu zake, hasa kwa Waha kwenye ngoma na harusi, lakini Ujiji na Mwanga zina Waislamu wengi, na kahawa ndiyo inayowakutanisha wanywaji na wasiokunywa.

Magharibi ikipita, barabara inakuwa jiko. Mihogo ya kukaanga inapakwa pilipili, chapati zinageuzwa, sambusa na kachori zinatoka kwenye karai zikitoa povu, mishikaki inapepewa. Mwenye migebuka ndiye mwenye foleni. Samaki huchanjwa ubavuni, hupakwa chumvi, halafu huzamishwa kwenye mafuta mpaka ngozi ikakakamaa, na hupewa mteja kwenye karatasi pamoja na kipande cha ndimu. Wengi hula wamesimama, huku wakiteta na muuzaji. Watoto wakitumwa kununua, mmoja hurudi na samaki asiye na mkia, na kila mama anajua mkia umekwenda wapi. Ramadhani ikiingia, meza hizo hubadilika: magimbi, viazi vitamu, tambi na uji wa pilipili manga hutangulia, na hata wasiofunga huzinunua.

Lakini desturi iliyo kubwa kuliko vyakula vyenyewe ni sahani inayotoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Ina ushahidi wa zamani. Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, aliandika katika kitabu chake kwamba walipokaa kuzungumza, vyakula vilianza kumiminika kutoka kwa majirani: Sayd bin Majid alipeleka vikate vya nyama ya kusaga vya moto, Mohammed bin Sali kuku wa mchuzi wa viungo, na Mwinyi Kheri nyama ya mbuzi na wali. Wageni wawili, sahani tatu, na hakuna aliyeagizwa. Dunia inakumbuka salamu waliyopeana Wazungu wale. Mtu wa Ujiji akiisoma habari hiyo ataona jambo la kawaida, kwamba mgeni wa jirani ni mgeni wa mtaa.

Sahani hiyo ndiyo inayobeba mtaa wakati wa shida pia. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kupumzisha uvuvi ili samaki wazaliane, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kwa miezi mitatu Mwanga ililazimika kula kama mji usio na ziwa. Katika siku kama hizo maharage ya mawese hushika nafasi ya mgebuka, dagaa wakavu waliowekwa akiba huhesabiwa kwa kiganja, na sombe hupikwa mara mbili kwa wiki moja. Nyumba iliyoweka akiba hugawia isiyoweka. Wapo walionung'unika, na wana haki, kwa sababu anayekaanga samaki barabarani anaishi kwa karai lake. Hata hivyo mlaji wa Mwanga amezoea kusubiri. Kila mwezi mbalamwezi humfungia ziwa kwa siku kadhaa, na kupumzisha maji si jambo geni kwake. Lililo geni ni urefu wake na kwamba limeamriwa na serikali.

Anayehamia Mwanga, basi, asianze kwa kutafuta hoteli. Atafute mama lishe mmoja amzoee, ajifunze kuviringisha tonge la muhogo, na asikatae mawese kabla hajayala na maharage. Siku mtoto wa nyumba ya pili atakapogonga mlango akiwa na bakuli lililofunikwa, apokee kwa mikono miwili, amshukuru, na asirudishe bakuli kesho yake likiwa tupu. Ndimu tatu zinatosha, au dagaa wa kiganja kimoja.