Nati Iliyopoteza Pembe Zake

Gemu tatu kongwe za Grand Theft Auto, yaani Grand Theft Auto III ya mwaka 2001, Vice City ya 2002 na San Andreas ya 2004, zilitolewa upya kwa pamoja tarehe 11 Novemba 2021. Ndani ya San Andreas kuna duka la donati ambalo pambo lake la nje, katika toleo la awali, lilikuwa nati kubwa ya kukazia bolti. Jina la duka linaitaja nati hiyo, na pembe zake zilionekana wazi. Toleo jipya lilipotoka pembe zilikuwa zimetoweka, likabaki duara laini lenye tundu katikati. Maumbo ya zamani yalikuwa yanalainishwa, pembe zikahesabiwa kuwa kasoro za teknolojia ya wakati ule, na hakuna aliyesimama kuuliza nati isiyo na pembe itashikwa vipi na spana.

Fundi yeyote wa baiskeli pale Didia angeiona kasoro hiyo kabla hajaonyeshwa. Ndiyo maana naileta hapa. Mjadala wa kusafisha na kutengeneza upya gemu za uhalifu za zamani huendeshwa kama jambo la watu wa mbali wenye mashine za bei kubwa, ilhali wachezaji wengi waaminifu wa gemu hizo wako kwenye vijiji na miji midogo ya huku kwetu, na wamezicheza miaka nenda rudi bila kungoja toleo jipya la mtu.

Didia ni kata ya Wilaya ya Shinyanga, kwenye barabara itokayo Shinyanga mjini kwenda Tinde. Nje ya mkoa watu huijua zaidi kwa shule ya Wasalesiani wa Don Bosco. Kwenye ukanda huu, kuanzia Shinyanga hadi Kahama na Geita kwenye migodi ya dhahabu, San Andreas imefika kwa njia mbili. Ya kwanza ni banda la gemu: televisheni, PlayStation 2 iliyofanyiwa ufundi ili isome diski za kunakili, pedi ambazo vitufe vyake vimefutika maandishi, na benchi. Mpira ndio unaoleta hela, maana wanacheza wawili na zamu inazunguka haraka. San Andreas huchezwa banda likipoa. Mmoja anashika pedi, wengine wanakaa nyuma yake wakimwelekeza njia. Ya pili ni simu. Toleo la simu la mwaka 2013 linarushwa kwa programu ya Xender kutoka mkono hadi mkono, au mtu anawekewa na kijana yule yule mwenye kompyuta anayejaza nyimbo kwenye memori kadi.

Karibu nakala zote hizo si halali. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 haina utata juu ya hilo, na sina nia ya kuutetea wizi wa kazi ya mtu. Lakini ukweli mwingine nao lazima usemwe. Mnamo Oktoba 2021, wiki chache kabla ya toleo jipya kutoka, kampuni ya Rockstar iliziondoa gemu zile tatu za awali kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyetaka kulipia kazi ya mwaka 2004 kama ilivyotengenezwa mwaka 2004 hakuwa tena na pa kulipia. Kwa kipindi hicho diski ya kunakili iliyokwaruzika kwenye banda ilikuwa inatunza kitu ambacho mwenye mali alikuwa amekiondoa sokoni.

Mwezi mmoja baadaye aibu ya toleo jipya ikawa wazi. Kazi ilikuwa imepewa studio ya Grove Street Games ya Florida, ile ile iliyowahi kuipeleka San Andreas kwenye simu ikiwa na jina lingine, nayo ikazihamishia gemu zote tatu kwenye injini ya Unreal Engine 4. Mvua ilichorwa kwa mistari myeupe iliyomziba mchezaji asione barabara. Nyuso za watu zilivimba na kupoteza sura. Mabango ya mjini yaliyopitishwa kwenye programu ya kukuza picha yalitoka na tahajia mbovu. Toleo la kompyuta liliondolewa sokoni kwa siku kadhaa kwa sababu lilikuwa limebeba mafaili yasiyotakiwa kuwemo. Tarehe 19 Novemba Rockstar iliomba radhi hadharani na kuahidi kurudisha matoleo ya awali ya kompyuta kwenye duka lake.

Kosa la kuufuta ukungu ndilo linalofundisha zaidi. PlayStation 2 ina megabaiti 32 tu za kumbukumbu kuu. Rockstar North wa Edinburgh, waliotengeneza San Andreas, walitaka kuweka ndani yake miji mitatu, jangwa, misitu na mlima Chiliad, na mashine haikuweza kuchora vyote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mbali kuliwekwa utando wa moshi na ukungu, na dunia ilizidi kujengwa kadiri mchezaji alivyosogea. Aliyepanda Chiliad aliona miteremko inazama ndani ya kijivu, akaamini nchi inaendelea huko. Toleo la 2021 liliuondoa utando huo kwa kuwa mashine za sasa hazina shida ya kuona mbali. Matokeo yake mtu akiwa juu angani anaiona nchi nzima mara moja, miji mitatu imesongamana, na safari iliyokuwa ndefu kichwani mwake inageuka mzunguko wa kiwanjani. Ukungu ulianza kama dawa ya udhaifu wa mashine, lakini mikononi mwa mafundi wale ukawa sehemu ya hadithi, hewa chafu ya jiji la California mwaka 1992. Aliyeufuta alijua kwa nini uliwekwa, hakujua ulikuwa umekuwa nini. Ilichukua hadi Novemba 2024 ndipo sasisho moja kubwa la kompyuta na mashine za gemu likarudisha mwanga na hewa inayofanana na ya zamani. Miaka mitatu, kwa jambo ambalo wachezaji walilisema wiki ya kwanza.

Na hadithi ya San Andreas yenyewe inastahili uangalizi huo. Carl Johnson, mhusika mkuu, anarudi mji wa Los Santos mwaka 1992 kwa sababu mama yake ameuawa. Kabla hajafika nyumbani anakamatwa na askari mla rushwa, Tenpenny, anayembebesha kesi ya mauaji asiyoyafanya na kumtumikisha tangu hapo. Mwishoni mji unawaka moto baada ya Tenpenny kuachiwa huru na mahakama, na kila aliyekumbuka ghasia za Los Angeles za mwaka huo, baada ya askari waliompiga Rodney King kutopatikana na hatia, alielewa watunzi walikuwa wanazungumzia nini. Ni gemu ya uhalifu ambayo mhalifu wake mkubwa amevaa sare.

Hapa Usukumani hilo halihitaji maelezo mengi. Sungusungu walizaliwa katika maeneo haya haya ya Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale wafugaji walipochoka kuona wezi wa ng'ombe wanakamatwa asubuhi na jioni wako nje. Walijipanga kwa pinde na mishale, wakawa na viongozi wao na mabaraza yao, na serikali ilikuja kuwatambua kisheria mwaka 1989. Walirudisha usalama wa zizi. Pia walihukumu watu bila ushahidi, na yapo maisha yaliyopotea kwa hukumu hizo. Kijana aliyekulia katika simulizi hizo, akimwona Carl hana pa kushtaki kwa kuwa polisi ndiye mshtakiwa, anaijua hali hiyo hata kama hajui California iko upande gani wa ramani. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo gemu hii imeshika huku kuliko nyingine nyingi zenye risasi na magari.

Wazazi wanaolalamika wana haki pia. San Andreas ilipangiwa wachezaji wa miaka 17 na kuendelea, na mwenye banda haulizi umri. Mtoto wa darasa la nne hana kazi na gemu hiyo, na mwenye banda anayemkalisha mbele yake kwa shilingi mia chache anakosea. Lakini kosa hilo linarekebishwa mlangoni mwa banda. Halirekebishwi kwa kudai kwamba kazi yenyewe haina maana.

Wapo waliotengeneza upya kwa heshima. Mafia ilitengenezwa mwaka 2002 na Illusion Softworks wa Brno, Jamhuri ya Cheki, hadithi ya Tommy Angelo, dereva wa teksi anayeingizwa kwenye genge miaka ya 1930. Hangar 13 waliijenga upya yote na kuitoa Septemba 2020. Ile ya awali ilikuwa na mashindano ya magari yaliyowatoa watu jasho na polisi wanaomwandikia faini mchezaji kwa kwenda kasi. Watengenezaji wapya hawakuyafuta mambo hayo. Waliacha kiwango cha ugumu cha kizamani kwa anayekitaka, wakampa nafuu asiyekitaka. Wajapani wa Sega walifanya jambo lenye kina zaidi na Yakuza ya mwaka 2005. Walipoitoa upya mwaka 2016 kwa jina la Yakuza Kiwami, waliongeza matukio yanayoonyesha hatua kwa hatua jinsi Nishikiyama, rafiki wa steringi, alivyogeuka kuwa adui. Pengo hilo lilikuwepo kwenye hadithi tangu mwanzo. Walioliziba waliijua hadithi kwa ndani, na hawakuhitaji kulainisha chochote ili wafike hapo.

Muziki ni donda lingine. Nyimbo za redio za ndani ya gemu hizi zilikodishwa kwa muda, na muda ukiisha zinang'olewa. Vice City ya sasa haina nyimbo za Michael Jackson zilizokuwemo mwaka 2002. Mwaka 2014 San Andreas ya kompyuta ilipoteza nyimbo zaidi ya kumi kwa sasisho moja, hata kwa watu waliokwisha kulipia. Mafia ya awali ilitoweka madukani kuanzia 2012, na iliporudi mwaka 2017 ilirudi bila muziki wake wenye leseni. Katika hadithi inayotokea mwaka 1992, redio ya gari ndiyo kalenda. Ukiing'oa, mchezaji anabaki na magari ya zamani yanayopita katika wakati usio na jina.

Sasa niulize kuhusu huyo mchezaji wa kisasa anayetajwa kila gemu inaposafishwa. San Andreas ya awali ilitosha kwenye diski moja ya DVD. Mkusanyiko mpya wa gemu tatu unadai gigabaiti 45 kwenye kompyuta, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na kadi ya picha ambayo kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa Shinyanga mjini hazina. Kwa anayenunua bando la wiki, kupakua gigabaiti 45 ni kujidanganya. Toleo la simu la mkusanyiko huo lilikuja Desemba 2023, na njia yake kuu ilikuwa kupitia Netflix, kwa malipo ya kila mwezi. Na katika lugha zote zilizowekwa kwenye maandishi yake, Kikorea, Kipolishi, Kirusi, Kichina na nyinginezo, Kiswahili hakimo. Mchezaji wa Didia yupo leo, ni wa kisasa kama mwingine yeyote, na hakuna hata uamuzi mmoja wa kiufundi uliofanywa kwa kumfikiria yeye.

Bandani tatizo la lugha lina ufumbuzi wake. Maelezo ya misheni yakitokea kwa Kiingereza, yupo mmoja kwenye benchi anayeyageuza papo hapo, nusu Kiswahili nusu Kisukuma, na kuongeza sababu za mhusika kama anavyozielewa. Tanzania ina historia ndefu ya kazi hiyo. Marehemu Derek Gaspar Mukandala, Lufufu, alijenga jina kwa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili, na watu walikwenda kwenye mabanda ya video kumsikia yeye kama walivyokwenda kuiona filamu. Sauti ya mwanzo haikuondolewa, iliendelea kusikika chini ya sauti yake.

Kwa hiyo marekebisho ninayoyataka kwa San Andreas ni madogo kuliko yale ya mwaka 2021. Toleo la awali la kompyuta limehifadhi maandishi yake yote ndani ya faili moja la aina ya GXT. Wapenzi wa gemu hii katika nchi nyingine wamekuwa wakilifungua faili kama hilo na kuweka lugha zao kwa miaka mingi. Haihitaji studio wala injini mpya, na kompyuta yenye umri wa miaka kumi na tano inatosha. Inahitaji nakala halali ya toleo la awali iuzwe kwa bei ambayo mtu anaweza kulipa, na inahitaji watu wanaoijua hadithi na wanaokijua Kiswahili cha mtaani na cha mahakamani, kwa sababu Tenpenny hazungumzi kama Carl. Watu hao wapo kwenye mabenchi, na sehemu kubwa ya kazi wameshaifanya kwa mdomo. Ningewaomba waanze na maelekezo ya misheni, kwa kuwa hayo ndiyo yanayomkwamisha mchezaji, kisha waingie kwenye mazungumzo, ambako kutakuwa na ubishi mrefu juu ya matusi. Redio iachwe kama ilivyo.