Dawa za kututumua misuli: Safari kutoka kwa daktari hadi vichochoroni

MWAKA 1974, Arnold Schwarzenegger alipotwaa taji la Mr Olympia kwa mara ya tano, uzani wake ulikuwa takriban kilo 107. Mwaka 2003, Ronnie Coleman alishinda taji hilo hilo akiwa na takriban kilo 130, ingawa ni mfupi kumliko. Katika miaka hiyo 29 vyuma vinavyonyanyuliwa havikubadilika sana, wala mayai na nyama. Kilichobadilika pakubwa katika fani ya kutunisha misuli ni dawa: aina zake, kiasi chake, zinakotoka na, la muhimu zaidi, nani anayeamua zitumiwe vipi.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kabla ya dawa hizo. Eugen Sandow alipoandaa shindano lake kubwa jijini London mwaka 1901, hakuna aliyejua testosteroni ni kitu gani. Homoni hiyo ya kiume ilitengenezwa katika maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na kazi hiyo ilichangia kuwapa Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka Tuzo ya Nobel ya mwaka 1939. Hata hivyo, miaka mingi ilipita kabla ya wanamichezo kuichangamkia.

Mlango ulifunguliwa na mashindano ya unyanyuaji uzani ya dunia jijini Vienna mwaka 1954. Hapo ndipo daktari wa timu ya Marekani, John Ziegler, alipofahamu kwamba wanyanyuaji wa Muungano wa Usovieti walikuwa wakitumia testosteroni. Kampuni ya Ciba ya Uswisi ilipoleta sokoni tembe za Dianabol nchini Marekani mwaka 1958, Ziegler aliwapa baadhi ya wanyanyuaji wake kwa vipimo vidogo. Wao hawakuridhika. Waliona kwamba ikiwa tembe mbili zinaleta nguvu, basi nne zitaleta maradufu, wakaanza kujiongezea bila kumwarifu. Daktari huyo aliishia kujutia alilolianzisha.

Dawa hizi zote ni ndugu wa testosteroni. Homoni hupenya ndani ya seli ya msuli, ikashikana na kipokezi chake na kuiamuru seli itengeneze protini kwa wingi. Testosteroni ya kawaida ikimezwa huvunjwavunjwa na ini kabla ya kufika kwenye damu, na ndiyo sababu Dianabol iliundwa kwa namna ambayo ini haliwezi kuivunja kwa urahisi. Faida hiyo ya dawa ndiyo hasara ya mtumiaji, kwa kuwa ini ndilo linalobeba mzigo.

Katika miaka ya 1960 na 1970, dawa hizi zilipatikana kwa cheti cha daktari na hazikuwa haramu. Schwarzenegger mwenyewe amekiri hadharani kuzitumia, na ameeleza kwamba dozi yake ilikuwa miligramu 100 za testosteroni kwa wiki pamoja na tembe tatu za Dianabol kwa siku. Kipimo hicho cha testosteroni hakiko mbali na kile ambacho madaktari huwapa wanaume ambao miili yao haitengenezi homoni ya kutosha. Desturi ya wakati huo ilikuwa kutumia dawa kwa wiki kadhaa kabla ya shindano, kisha kuziacha.

Ni katika kipindi hicho ambapo wanasayansi walifanya kosa lililogharimu sana. Mwaka 1977, chama cha wataalamu wa tiba ya michezo nchini Marekani kilitoa taarifa kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa dawa hizo huongeza misuli au nguvu. Kila aliyekuwa akifanya mazoezi ukumbini aliona kwa macho yake kwamba kauli hiyo haikuwa kweli. Chama hicho kiliibadilisha mwaka 1984, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kijana aliyedanganywa kwamba dawa haifanyi kazi hakuwa na sababu ya kumwamini daktari yule yule alipomwambia kwamba ina madhara. Badala yake alimsikiliza mwenzake mwenye mikono minene, au vijitabu vilivyopitishwa mkono kwa mkono kuanzia mapema miaka ya 1980.

Ilipofika mwaka 1996 ndipo utafiti uliopangwa vyema ulipochapishwa Marekani. Wanaume walipewa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10. Waliodungwa sindano bila kufanya mazoezi yoyote waliongeza takriban kilo 3.2 za uzani usio wa mafuta, ilhali waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza chini ya kilo 2. Waliochanganya vyote viwili waliongeza kilo 6.1. Kwa watunisha misuli haikuwa habari mpya hata kidogo. Wengi walikuwa wamevuka dozi hiyo zamani.

Wakati huo sheria nayo ilikuwa imebadilika. Baada ya Ben Johnson wa Canada kupokonywa medali ya dhahabu katika Olimpiki za Seoul mwaka 1988, bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1990 iliyoziweka steroidi katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa. Madaktari wengi walijiondoa. Watumiaji hawakujiondoa, bali walihamia soko la magendo.

Aidha, dawa mpya zilijiunga na zile za zamani. Homoni ya ukuaji, ambayo awali ilitolewa kwenye ubongo wa maiti, ilianza kutengenezwa kwa teknolojia ya jeni mwaka 1985 na kupatikana kwa wingi zaidi. Insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, ikaongezwa ili kusukuma chakula ndani ya misuli, ingawa kipimo kikizidi kidogo sukari ya damu huporomoka na mtu hupoteza fahamu. Kabla ya kupanda jukwaani walimeza dawa za kukojoza maji ili ngozi ishikamane na misuli. Mohammed Benaziza alifariki mwaka 1992 saa chache baada ya shindano nchini Uholanzi. Andreas Münzer wa Austria alifariki Machi 1996 akiwa na umri wa miaka 31.

Wakenya wamezoea kusikia wanariadha wakipigwa marufuku kwa kutumia pufya, na nchi ilipitisha sheria ya kukabiliana na dawa hizo mwaka 2016. Katika mbio, mdanganyifu huwakimbia wapimaji. Katika ngazi ya kulipwa ya kutunisha misuli, mtu wa kukimbiwa karibu hayupo. Washindani wa Mr Olympia walipimwa mwaka 1990, lakini mpango huo haukudumu. Majaji walizidi kutuza ukubwa, na ukubwa ukazidi kutafutwa.

Chanzo cha dawa nacho kilihama. Mwaka 2005 maafisa wa Marekani walizivamia kampuni nane za Mexico zilizokuwa zikitengeneza steroidi zinazodaiwa kuwa za mifugo. Watengenezaji wadogo waliziba pengo upesi. Katika msako wa mwaka 2007, maabara 56 zilipatikana Marekani, nyingi zikiwa majumbani, zikichanganya poda kutoka Uchina na mafuta na kuitia chupani. Tembe ya Ciba ilikuwa na miligramu tano zilizoandikwa. Chupa ya maabara ya jikoni ina chochote alichotia mwenyewe.

Leo wengi wa wanaozitumia hawajawahi kupanda jukwaa lolote. Ni wanaume wa kawaida wanaotaka kifua kipana, na baadhi yao huanza na dawa ziitwazo SARM zinazouzwa mitandaoni kana kwamba ni vitamini. Isitoshe, desturi ya kuacha baada ya wiki kadhaa inafifia. Homoni ya nje ikijaa mwilini, ubongo huacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Husinyaa, na mbegu za uzazi hupungua au kukoma. Mtu akiacha dawa ghafla huweza kukaa miezi mingi bila nguvu wala hamu ya tendo la ndoa. Ili kuepuka hali hiyo, wengi hupunguza dozi tu na kuendelea mwaka mzima. Moyo haupati likizo: misuli yake hunenepa, damu huwa nzito, na mafuta mabaya huongezeka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Ulaya la magonjwa ya moyo ulifuatilia wanaume 20,286 walioshiriki mashindano ya kutunisha misuli. Vifo 121 vilibainika, na waliofariki walikuwa na wastani wa umri wa miaka 45. Karibu vifo vinne kati ya kila 10 vilikuwa vya ghafla vya moyo, na hatari hiyo kwa wa kulipwa ilikuwa zaidi ya mara tano kuliko kwa wa ridhaa.

Waandalizi wamejaribu kurudisha umbo la kale. Mwaka 2016 walianzisha kitengo cha Classic Physique, ambamo uzani wa mshindani una kikomo kulingana na kimo chake. Chris Bumstead wa Canada alikitawala kuanzia 2019 hadi 2024 na kupata umaarufu uliowapita mabingwa wengi wa kitengo kikubwa. Washindani wa kitengo hicho hupimwa urefu na uzani kabla ya kupanda jukwaani. Damu na mkojo havipimwi.