Baada ya Kupimwa Macho Shuleni, Nani Huvaa Miwani?

Mtoto anayeona mbali kwa ukungu halalamiki, kwa kuwa hajawahi kuona kwa namna nyingine. Hudhani ndivyo wote waonavyo. Katika darasa lililojaa, kama yalivyo mengi ya shule zetu za Ilala, yeye huketi nyuma, hunakili kutoka daftari la jirani, na mwisho wa muhula wazazi huambiwa kwamba hasikilizi. Hatuwezi, basi, kungoja aseme mwenyewe. Yatupasa kumpima.

Upimaji ni jambo jepesi kuliko wengi wanavyodhani. Mwalimu aliyefundishwa hutundika bango lenye herufi E zilizoelekezwa pande mbalimbali. Mtoto husimama umbali wa mita 6, hufunika jicho moja, kisha huonyesha kwa vidole herufi inaelekea wapi. Hata asiyejua kusoma huweza. Jicho la pili hupimwa vivyo hivyo, wala lisirukwe, kwani mtoto mwenye jicho moja dhaifu hutegemea lile zima na nyumbani hakuna anayeshtuka. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya maisha; jicho lisiloleta picha safi hupuuzwa, na baada ya umri wa miaka saba au minane kulirejesha huwa kazi ngumu. Ndiyo maana darasa la kwanza ni bora kuliko la saba. Anayeshindwa kuona herufi za kipimo hupelekwa kwa mtaalamu wa macho, kwa maana mwalimu huchuja tu, haandiki miwani.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo kwa maoni yetu halisemwi vya kutosha. Watafiti waliwapima wanafunzi 6,904 wa mwaka wa kwanza katika shule 37 za sekondari hapa Dar es Salaam, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Wanafunzi 135 walionekana kuhitaji miwani. Katika baadhi ya shule walipewa bure. Katika nyingine walipewa cheti cha vipimo wakanunue wenyewe. Baada ya miezi 3, kati ya waliofuatiliwa, walioivaa au waliokuwa nayo shuleni walikuwa asilimia 47 kwa waliopewa bure, na asilimia 26 kwa waliopewa cheti. Fedha ni kikwazo, hilo halina ubishi. Lakini hata kikwazo hicho kilipoondolewa, zaidi ya nusu hawakuwa na miwani yao.

Yule kipofu wa Bethsaida, katika Injili ya Marko, alipoguswa mara ya kwanza bado hakuweza kutofautisha vema watu na miti. Bwana hakumwacha hapo. Alimwekea mikono tena. Upimaji wa shuleni ni mguso wa kwanza. Wa pili ni wetu sisi wazazi, wasimamizi wa ubatizo na majirani.

Tumewasikia waamini wakisema kwamba miwani hulizoeza jicho uvivu na kuliharibu. Si kweli. Miwani hupinda mwanga ili picha iangukie mahali pake ndani ya jicho, basi. Namba hubadilika kwa sababu jicho la mtoto hukua pamoja na mwili wake, angevaa au asingevaa. Wengine huona aibu, hasa kwa binti, au huogopa kuchekwa. Hapo neno la mwalimu mbele ya darasa lina uzito kuliko mahubiri yetu. Na Jumuiya Ndogo Ndogo zinazochangia misiba na harusi kwa moyo mkunjufu zaweza pia kumchangia mtoto mmoja miwani.

Ila isiwe ile iliyopangwa mezani kandokando ya mitaa ya Kariakoo. Hiyo ni ya kusomea, ya sisi tulioanza kupeleka gazeti mbali na uso. Kwa mtoto, ambaye macho yake mawili huenda yakatofautiana, haifai.

Zipo dalili zisizongoja siku ya upimaji. Makengeza ni mojawapo, kwa kuwa mtoto haachani nayo kwa kukua tu. Nyingine, iliyo ya hatari zaidi, ni weupe ndani ya mboni, ambao mara nyingi huonekana kwanza katika picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu. Waweza kuwa mtoto wa jicho, waweza kuwa saratani. Mtoto huyo apelekwe Amana au Muhimbili bila kuchelewa, awe ameanza shule au bado yu mgongoni.