Mbwa Wetu wa Kijijini na Haki Yake

Mtu apitaye alfajiri katika vijiji vya Shinyanga na Geita humwona mbwa kabla ya kumwona mwenye mji. Ni mbwa wa kimo cha kadiri, mwenye manyoya mafupi, mara nyingi ya rangi ya udongo mwekundu, tumbo jembamba, na mkia uliojikunja kuelekea mgongoni. Ndiye afuatanaye na watoto machungani, ndiye abwekaye fisi akikaribia zizi, na ndiye alaye mwisho wa wote. Wengi humwita mbwa shenzi. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu ya kuwa jina hilo halimfai, na ya kuwa kumdharau mbwa huyu kumewapotezea watu maisha.

Kwanza tutazame asili yake. Wako wadhanio ya kuwa mbwa huyu ni chotara tu wa mbwa wa Kizungu waliopotea zamani. Sivyo. Mwaka 2009 wataalamu walitoa habari za uchunguzi wa damu za mbwa wa vijijini katika nchi za Misri, Uganda na Namibia. Waliona ya kuwa mbwa wa Uganda, ng'ambo ya ziwa letu, karibu wote ni wa asili ya Afrika. Waliochanganyika sana na wageni ni wale wa Namibia ya kati. Ndugu wa mbwa hawa wa asili ni yule wa misitu ya Kongo aitwaye basenji, ambaye habweki kama wengine bali hutoa sauti kama ya mtu aimbaye, na jike lake kwa kawaida huzaa mara moja tu kwa mwaka. Waingereza walimchukua kwao katika miaka ya 1930, na leo watu wa Ulaya na Marekani humnunua kwa fedha nyingi. Jina lake nalo lina asili moja na neno letu washenzi. Kumbe mbwa wa washenzi akivuka bahari huwa na thamani, na nduguye akibaki mlangoni petu hupigwa mawe!

Huko Geita wako watu waliofanikiwa katika dhahabu, nao hununua mbwa wakubwa wa kigeni walinde nyumba zao. Mbwa hao wana nguvu, lakini nagana iletwayo na mbung'o, pamoja na homa za kupe, huweza kuwaua upesi wasipotazamwa na Bwana Mifugo. Mbwa wetu amechujwa na jua, njaa na maradhi ya nchi hii kwa vizazi vingi, na waliosalia ni wale walioweza kuvumilia. Lakini uko ugonjwa mmoja ambao ukale wake haumkingi hata kidogo, nao ni kichaa cha mbwa.

Tulipata kumjua mtoto mchungaji aliyeumwa mguuni na mbwa wa nyumbani kwao. Jeraha lilikuwa dogo. Wazee wakatia majivu, wakaweka jiwe la nyoka juu yake, wakamwua mbwa, wakaona shauri limekwisha. Baada ya majuma sita mtoto akaanza kuogopa maji, na kabla ya juma jingine kwisha tulimzika. Mbwa yule hakupata kuchanjwa hata siku moja, kwa sababu walisema ni mbwa shenzi tu.

Yafaa kila mtu ajue mambo haya. Sumu ya ugonjwa huu imo katika mate ya mnyama mgonjwa, nayo husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo huchukua majuma, pengine miezi. Muda huo ndio nafasi yetu ya kuponya; dalili zikiisha kutokea, mgonjwa hufa. Basi mtu akiumwa, au akilambwa na mbwa penye kidonda, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akapigwe sindano, wala asiache kurudi siku zote atakazoagizwa. Louis Pasteur wa Ufaransa alimponya mtoto kwa chanjo ya namna hii mwaka 1885. Si haki watoto wetu wafe leo kwa kukosa habari.

Tena mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Yuko aumaye kila kitu, na yuko ajifichaye kimya, taya limelegea, mate yanamtoka, na miguu haina nguvu. Asiguswe, watoto waondolewe, na habari zipelekwe upesi kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa Bwana Mifugo.

Wengine husema dawa ni kuwaua mbwa wote. Dawa hiyo haisaidii, maana mbwa wengine huja kushika nafasi, na huenda waliouawa ndio waliokuwa wamechanjwa. Wataalamu wameona ya kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Wilayani Serengeti, mkoani Mara, mbwa walipochanjwa kwa wingi kuanzia mwaka 1996, kichaa kilipungua sana, na watu walioumwa wakapungua pia.

Wazee wa Shinyanga hawatashangaa kusikia hayo. Katika miaka ya 1920 mbung'o walipowasonga watu na ng'ombe, watemi waliwaita raia zao wakafyeka vichaka pamoja na Bwana Swynnerton, aliyekuwa akiwachunguza wadudu hao. Kama kila mtu angalifyeka mlangoni pake peke yake, mbung'o wangalimrudia kutoka kwa jirani. Chanjo ni kama kufyeka: haifai mpaka tuifanye pamoja. Nayo hurudiwa, kwa maana kila mwaka watoto wa mbwa huzaliwa.

Mbali na chanjo, haki za mbwa ni chache. Apewe maji safi, kivuli, na chakula chake mwenyewe, kama ugali na dagaa, asije akazurura majalalani na kwenye kambi za wachimbaji. Matumbo ya mnyama aliyechinjwa, yenye malengelenge, yafukiwe, maana yana minyoo imwingiayo mbwa na kisha mtu. Mbwa aogeshwe dawa ya kupe, wala asifungwe mnyororo mchana kutwa. Nanyi walimu, wafundisheni watoto wasimsumbue mbwa alapo au anyonyeshapo.

Kila tarehe 28 Septemba dunia hukumbuka vita vya kupigana na kichaa cha mbwa. Chanjo ikitangazwa wilayani, mwenye mbwa amfunge kamba amlete, hata kama ni mkonde na hana jina. Yeye hutulinda usiku kucha asidai mshahara. Sindano moja kwa mwaka si malipo makubwa.