Mwili Si Kibaba

"Kocha, napiga tizi kila siku, mbona sioni tofauti?" Nimeulizwa hivyo Kibera, katika uwanja wa Kamukunji, nikaulizwa tena Kawangware. Mara nyingi anayeuliza ni kijana aliyeshinda mjengo akipandisha mawe na simiti, jioni akaja uwanjani, na Jumapili hakosi ibada. Uwanjani na kanisani ameshika sheria moja: leo lazima ipite jana. Sheria hiyo ndiyo inayomchosha.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakichoki. Mwili unachoka. Zoezi gumu halimwongezei mtu nguvu saa ile ile, linampunguzia: sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli inatumika, na nyuzi za misuli zinachanika kidogo kidogo. Ni baadaye, akishakula na kulala, ndipo mwili unapojijenga kupita ulivyokuwa. Anayerudia zoezi lile lile gumu kabla ujenzi huo haujaisha anapandisha ukuta juu ya simiti mbichi. Tena viungo haviendi mwendo mmoja. Pumzi huongezeka baada ya wiki kadhaa, kano huchukua miezi. Siku moja haiwezi kukueleza kama umesonga mbele.

Kwa hiyo mawe ya mjengo nayahesabu. Misuli haijui kama uzito ule ni wa kibarua au wa jimu. Siku ya mjengo, jioni inatosha kuchezea mpira taratibu na kunyoosha viungo, kisha chapo madondo, maana maharagwe yana protini ya kujengea misuli, halafu kulala mapema.

Tumtazame mkimbiaji Eliud Kipchoge. Kule Kaptagat, chini ya kocha Patrick Sang, siku zake ngumu zilijulikana: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku nyingine alikimbia polepole, na kila zoezi aliliandika daftarini. Mwaka 2018 aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin, saa 2:01:39. Mwaka 2022, Berlin hapo hapo, akaishusha hadi 2:01:09. Miaka minne, sekunde 30! Ukizigawa kwa kilomita 42 na ushei, kila kilomita haipati hata sekunde nzima.

Daftari kama la Kipchoge lipo kanisani pia. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, askari aliyegeuka kuwa padri, alikiita kitabu chake Mazoezi ya Kiroho, kilichochapishwa mwaka 1548, na mwanzoni mwake analinganisha sala na kutembea na kukimbia. Anayetaka kushinda kosa fulani anaelekezwa achore mistari kwa kila siku, atie nukta kila alipoanguka, mchana na jioni, kisha alinganishe siku na siku, wiki na wiki. Hakuna mstari wa kujilinganisha na jirani. Wajesuiti, shirika alilolianzisha, ndio wanaohudumu katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, jirani na Kawangware.

Lakini kuna mahali riadha na imani zinaachana, na naona makocha wengi waumini wanapapita haraka mno. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mbio na ngumi, huenda kwa sababu michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Taji hilo hulipata aliyetangulia tu. Neema, kwa Mkristo, haimngoji afike wa kwanza. Inamkuta kabla hajaanza kukimbia, na jitihada yake ni shukrani, si malipo. Kijana aliyekosa sala siku tatu hana haja ya kujitwisha mara tatu siku ya nne. Kwenye mazoezi pia siku iliyopotea hailipwi: anayefidia wiki ya ugonjwa kwa kuruka ghafla hadi mzigo maradufu ndiye ninayemkuta baadaye akichechemea.

Yule kijana aliyeniuliza Kamukunji nilimwambia anunue daftari la shule, aandike alichofanya, saa alizolala, na alivyoamka. Alipenda, ila akataka kujua Jumapili aandike nini, kwa kuwa hafanyi tizi. Nikamwambia aandike kwamba amepumzika, kwa kalamu ile ile, na asiiache nafasi hiyo wazi.